Kwa nini mnara wa simu hauongezewi nguvu tu

Mtandao ukisumbua mtaani, dawa ya kwanza kutajwa ni ileile: kampuni iongeze nguvu kwenye mnara. Utaisikia kijiweni, utaisikia kwenye mkutano wa kijiji, na hata bungeni maswali ya minara hayakauki. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Lakini inaficha jambo ambalo mimi naliona la maana kuliko yote katika mitambo ya redio ya siku hizi. Nguvu ya kurusha mawimbi ipo. Kigumu ni kuitoa bila kuyapinda mawimbi yenyewe, na kazi kubwa ya kuyanyoosha inafanywa na hesabu inayokwenda kimyakimya ndani ya boksi lililofungwa juu ya mnara, mamilioni ya mara kwa sekunde.

Tuanze na boksi hilo. Ukitazama mnara wa 4G utaona antena ndefu za kibapa, na nyuma au chini yake maboksi ya chuma yenye mapezi ya kupozea joto. Mafundi huyaita RRU; hapa nitayaita moduli za redio. Data hupanda kutoka chini kwa kebo ya faiba ikiwa bado ni namba tupu. Ndani ya moduli namba hizo hugeuzwa kuwa wimbi la umeme, wimbi hupandishwa hadi kwenye masafa ambayo kampuni imepewa, kisha hupita kwenye amplifaya ya nguvu na kuingia antena.

Amplifaya ni saketi inayopokea wimbi dogo na kutoa wimbi kubwa lenye umbo lilelile. Maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye kazi. Amplifaya iliyo nyoofu ukiipa mara mbili inatoa mara mbili, ukiipa mara kumi inatoa mara kumi. Transista halisi, yaani vipande vya ndani ya amplifaya vinavyokuza wimbi, haziko hivyo. Zina kikomo, na kadiri wimbi linavyokikaribia ndivyo zinavyozidi kutoa pungufu ya kinachotarajiwa, mpaka zinashiba: unaongeza kinachoingia, kinachotoka hakiongezeki tena. Vilele vya wimbi vinabanwa wakati mabonde na vilima vidogo vinapita salama. Zaidi ya hapo, wimbi kubwa huchelewa kidogo tofauti na wimbi dogo, kwa hiyo hata awamu yake, yaani mahali lilipofika katika kupanda na kushuka kwake, inasogea. Spika ya harusini ikifunguliwa mpaka mwisho sauti ikaanza kukwaruza, umesikia tatizo hilihili kwa masikio yako.

Sasa, redio ya FM imeishi miaka mingi bila kuhangaika na jambo hili, na simu za 2G vilevile. Sababu ni kwamba katika FM kimo cha wimbi hakibadiliki. Ujumbe umefichwa katika kupanda na kushuka kwa masafa. Mfumo wa GSM nao ulichagua wimbi lenye kimo kimoja. Wimbi la aina hiyo unaweza kulipitisha kwenye amplifaya iliyoshiba kabisa, lisipoteze ujumbe wowote, na amplifaya iliyoshiba ndiyo inayotumia umeme vizuri zaidi. Wahandisi wa enzi ile walikuwa na bahati hiyo.

4G iliwaondolea bahati hiyo. Mnara wa 4G ukitumia chaneli ya megahezi 20 hurusha kwa wakati mmoja mawimbi madogo 1,200 yaliyopangwa kandokando, kila moja likibeba sehemu yake ya data. Mara nyingi mawimbi hayo yanapingana na kufutana kiasi, jumla yake ikawa ya wastani. Lakini kila baada ya muda mfupi mengi yao hupanda pamoja, na hapo jumla inaruka hadi kufikia nguvu mara kumi ya wastani. Ruko hilo hudumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, ila amplifaya lazima iwe tayari kwa ajili yake. Hapo ndipo kubanwa kwa vilele kunapoanza kuuma.

Kuna imani moja niiondoe kabla hatujaendelea, kwa sababu inawapoteza wengi. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia Dar es Salaam, watu wamezoea kwamba dijitali ama inakuja safi ama haiji kabisa. Wengi wakahitimisha kwamba mawimbi ya kidijitali hayapotoki. Si kweli. Kilicho dijitali ni namba zinazobebwa. Kinachosafiri hewani ni wimbi, na wimbi lina kimo na awamu ambavyo amplifaya inaweza kuviharibu. Katika 4G, mahali mawimbi yanapopokelewa vizuri, kila wimbi dogo huchagua mkao mmoja kati ya 256 ya kimo na awamu, na kila mkao unabeba biti 8. Mikao hiyo imebanana sana. Viwango vya kimataifa vinadai kosa la mnara katika hali hiyo lisizidi asilimia 3.5, wakati mikao ikiwa 64 kosa linaruhusiwa hadi asilimia 8, na ikiwa minne tu, asilimia 17.5. Wimbi likipindwa kupita kiasi, simu inashindwa kutofautisha mkao mmoja na mwingine, na mtandao unashuka ngazi: kutoka 256 kwenda 64, kutoka 64 kwenda 16. Alama za mtandao kwenye kioo zimejaa, video inazunguka tu haichezi. Si kila kasi ndogo inatokana na amplifaya, maana msongamano wa watumiaji ni sababu kubwa zaidi, lakini alama zile hupima nguvu ya wimbi. Hazisemi lolote kuhusu unyoofu wake.

Madhara ya pili yanamwangukia jirani. Pitisha mawimbi mawili kwenye amplifaya iliyopinda, moja la megahezi 1,830 na jingine la 1,840, na upande wa pili utakuta pia mawimbi ambayo hukuyaweka: moja kwenye 1,820, jingine kwenye 1,850. Hayo ni mazao ya upindaji. Huzaliwa kwenye masafa ya pembeni, na masafa ya pembeni huenda ni ya kampuni nyingine iliyoyalipia. Viwango vinadai nguvu inayovuja kwenye chaneli ya jirani iwe chini ya ile ya chaneli yenyewe kwa desibeli 45, yaani isifike hata sehemu moja kati ya 31,000. Mnara unaorusha wati 40 unaruhusiwa kumvujishia jirani takriban wati moja ikigawanywa kwa 800. Kichujio hakisaidii hapa. Uchafu umegusana na wimbi lako pembeni kabisa, na sehemu yake nyingine iko ndani ya wimbi lenyewe, mahali ambapo hakuna chujio linaloweza kuutenganisha.

Na hapa ndipo hoja ya kuongeza nguvu inapokutana na hesabu isiyo na huruma. Ukiongeza nguvu ya wimbi mara mbili, mazao makuu ya upindaji hayaongezeki mara mbili. Yanaongezeka mara nane. Mnara ambao leo uko ndani ya sheria kwa shida, ukiongezewa nguvu bila kunyooshwa, kesho unawaharibia wengine na unajiharibia wenyewe.

Basi kwa nini wasifunge amplifaya kubwa kupita mahitaji, itumike kwa sehemu ndogo ya uwezo wake, mbali na kikomo? Inawezekana, na kwa muda mrefu ndivyo ilivyofanywa. Gharama yake ni umeme. Amplifaya ya muundo wa kawaida hufanya kazi vizuri karibu na kikomo chake. Ikitumiwa kwa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto. Chukua moduli yenye milango minne ya antena, kila mmoja ukitoa wati 40, jumla wati 160. Amplifaya zake zikiwa na ufanisi wa asilimia 15, zitakula takriban wati 1,070. Zikiwa na ufanisi wa asilimia 40, zitakula wati 400. Mnara una pande tatu, kwa hiyo tofauti ni karibu wati 2,000 wakati mzigo umejaa. Kwa mnara wa mjini hiyo ni bili. Kwa minara mingi ya vijijini Tanzania au Kongo, inayotegemea jenereta na sola, hizo ni lita za dizeli zinazopandishwa mlimani kwa gari, betri kubwa zaidi, na paneli nyingi zaidi. Ongeza joto lenyewe: boksi liko juani, mara nyingi halina hata feni, na transista inayochemka haiishi sana.

Muundo wa amplifaya unaobana umeme hata wimbi linapokuwa la wastani upo tangu 1936, alipoubuni William Doherty wa maabara za Bell huko Marekani. Hutumia amplifaya mbili: moja inafanya kazi ya kila wakati, ya pili inaamka vilele vinapokuja. Minara ya leo imejaa amplifaya za Doherty. Kasoro yake ni kwamba zinapinda kuliko zile za kawaida. Peke yake mara nyingi huishia kwenye desibeli 30 hivi za usafi, wakati sheria inataka 45. Kwa hiyo mhandisi alikuwa na machaguo mawili mabaya: amplifaya safi inayokula umeme, au amplifaya inayobana umeme lakini chafu.

Njia ya zamani ya kusafisha ilitoka maabara hizohizo. Tarehe 2 Agosti 1927 Harold Black alikuwa kwenye kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini New York, akitafuta jinsi ya kuondoa upotoshaji kwenye amplifaya za laini za simu. Wazo likamjia: rudisha sehemu ya kinachotoka, itoe kwenye kinachoingia, na amplifaya itajisahihisha yenyewe. Aliliandika palepale kwenye ukurasa wa gazeti. Mrejesho huo hasi ni nguzo ya elektroniki mpaka leo. Ila kwa mawimbi ya 4G unashindwa, kwa sababu ya muda. Wimbi la upana wa megahezi 20 hubadilika ndani ya nanosekunde 50 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), na safari ya kupita kwenye amplifaya na kurudi inaweza kula makumi ya nanosekunde. Masahihisho yanafika wakati kosa limeshapita na jingine limeingia, na saketi inaweza hata kuanza kupiga kelele yenyewe.

Suluhisho lililoshinda ni kusahihisha kabla kosa halijatokea. Mafundi huliita DPD. Mimi nitaliita upindaji wa awali.

Fikiria fundi cherehani aliyepewa kitambaa cha pamba ambacho anajua kitarudi kikifuliwa. Akikata kwa vipimo halisi vya mteja, kanzu itabana baada ya kulowa mara ya kwanza. Kwa hiyo anakata kubwa, na si kubwa sawasawa kila mahali: kama urefu hurudi zaidi ya upana, anaongeza zaidi kwenye urefu. Kanzu ikitoka mezani inaonekana imekosewa. Ikishafuliwa, inakaa mwilini kama ilivyotakiwa. Na fundi makini haishii hapo; anaipima kanzu baada ya kufuliwa, anaona amekosea wapi, na anarekebisha vipimo vya kanzu inayofuata.

Moduli ya redio hufanya hayo kwa namba. Kabla wimbi halijageuzwa kuwa umeme, chipu inaangalia kila sampuli yake, yaani kila namba inayoeleza wimbi kwa nukta moja ya muda, na kuipinda kinyume cha jinsi amplifaya itakavyoipinda. Vilele ambavyo vitabanwa vinarefushwa kwa kiasi kilekile. Awamu ambayo itasogezwa mbele inarudishwa nyuma kwanza. Wimbi linaloingia kwenye amplifaya limeharibiwa kwa makusudi, linalotoka limenyooka. Nilitajiwa mara kadhaa na watu wenye shaka kwamba huko ni kuchafua ishara. Ukipima kabla ya amplifaya, ndiyo, ni chafu. Antena haiusikii uchafu huo kamwe.

Kupima baada ya kufua kunafanywa na kipokezi kidogo kilichomo ndani ya moduli hiyohiyo. Kwenye njia ya kutokea, tone dogo la nguvu huchotwa, likapunguzwa, likageuzwa tena kuwa namba, na kulinganishwa na kile kilichokusudiwa. Kipokezi hicho lazima kione mbali kuliko wimbi lenyewe, maana uchafu unamwagika pembeni. Kwa wimbi la megahezi 20 desturi ni kukipa upana wa mara tano, megahezi 100. Tofauti iliyoonekana ndiyo inayotumika kukokotoa upya vizidishi vya hesabu ya kupinda.

Uzuri wa mpango huu, na naomba msomaji asiuruke, uko katika kutenganisha kazi mbili. Kupinda sampuli ni kazi ya haraka mno, ila inafuata kanuni iliyokwisha kupangwa, haimsubiri mtu. Kujifunza kanuni hiyo ni kazi ya polepole, kwa sababu tabia ya amplifaya haibadiliki kila nanosekunde: inabadilika jua linapopanda, mzigo unapoongezeka jioni, transista zinapozeeka. Mrejesho wa Black ulitaka vyote viwili vifanyike papo hapo. Upindaji wa awali unaruhusu masahihisho yachelewe bila madhara. Adel Saleh na Jack Salz, nao wa Bell, waliandika kuhusu mfumo wa namna hii unaojirekebisha mwaka 1983. Ilibidi kusubiri chipu zenye kasi ya kutosha na bei ya kubebeka kabla haujapanda minarani.

Kuna sehemu moja ngumu iliyobaki. Amplifaya ina kumbukumbu. Kilele kikubwa kikipita, transista inapata joto kidogo, volti ya usambazaji inatikisika, na katika transista za galiamu nitraidi, ambazo minara mipya inazipenda kwa nguvu zake, baadhi ya elektroni hunaswa na kuachiliwa baadaye. Kwa hiyo sampuli ileile haitoki sawa kila mara, inategemea kilichoitangulia. Jedwali rahisi la "ukipewa hiki, toa kile" halitoshi. Hesabu inabidi iangalie sampuli ya sasa pamoja na kadhaa zilizopita. Msingi wake ni kazi ya mwanahisabati wa Italia, Vito Volterra, aliyefariki 1940. Hesabu kamili ya Volterra ni nzito mno kwa chipu ya mnarani, hivyo wahandisi huipogoa, wakibakiza vipande vinavyoleta faida. Sanaa yote ya kampuni za vifaa vya redio iko katika kujua ukate wapi.

Kitu ambacho upindaji wa awali hauwezi ni kuvuka kikomo. Amplifaya ikishashiba imeshiba. Huwezi kurefusha kilele hadi mahali ambapo transista haifiki. Ndiyo maana hatua nyingine huitangulia: kunyoa vilele. Moduli inayapunguza maruko makubwa kabisa kwa ustadi, ikikubali kosa dogo lililo ndani ya ile asilimia 3.5, ili uwiano wa kilele na wastani ushuke kutoka mara kumi hadi mara tano hivi. Kisha upindaji wa awali unanyoosha kilichobaki. Hatua hizi mbili zikifanya kazi pamoja, amplifaya ileile inatoa wastani mkubwa zaidi kwa umeme uleule. Kwa maana hiyo mnara kweli umeongezewa nguvu, ila kwa hesabu.

Katika 5G mizani inabadilika. Antena ya kisasa inaweza kuwa na amplifaya 64 badala ya nne; wati 320 zikigawanywa hivyo ni wati tano kila moja. Upana wa wimbi nao umefika megahezi 100, kwa hiyo kipokezi cha kupima kinatakiwa kuona megahezi 500. Hesabu ya kunyoosha inakula umeme wake yenyewe, na kadiri amplifaya inavyokuwa ndogo ndivyo faida inavyokaribia kumezwa na gharama. Juu ya hapo, antena zilizobanana zinaambukizana: wimbi la moja linarudi kwenye amplifaya ya jirani na kuibadilishia tabia. Wale wanaohofia kwamba upindaji wa awali unaongeza mionzi wana picha iliyogeuka, kwani kazi ya upindaji huo ni kupunguza kinachomwagika nje ya masafa yaliyoruhusiwa.

Nirudi kwa mwenye simu, maana kuna upande ambao kelele za kuongeza nguvu haziugusi kabisa. Mnara unazungumza kwa wati 40. Simu yako inajibu kwa wati 0.2, ndicho kiwango cha juu cha kawaida kwa simu za 4G. Mnara ukiongezewa nguvu, wewe utausikia zaidi, lakini wenyewe hautakusikia zaidi. Ndiyo hali ya kuona alama za mtandao huku ujumbe wa picha ukigoma kuondoka. Waliobuni 4G walilijua hili, wakaipa simu mtindo tofauti wa wimbi, wenye vilele vifupi kuliko vya mnara, ili amplifaya yake ndogo isilazimike kukaa mbali na kikomo na kumaliza betri. Kinachosaidia upande huo ni mnara ulio karibu zaidi au masafa ya chini yanayopenya kuta vizuri.

Watu waliochoka kusubiri hununua busta ya dukani, boksi dogo la bei nafuu lenye antena mbili. Sasa unaweza kukisia kilichomo: amplifaya ya bei poa inayopokea masafa mapana ya kampuni zote kwa pamoja, bila kipokezi cha kupima, bila hesabu ya kunyoosha. Mawimbi ya kampuni mbili yakiingia humo yanazaana. Antena ya nje ikiwa karibu mno na ya ndani, boksi linajisikia lenyewe na kuanza kupiga kelele mfululizo kuelekea mnarani, na mtaa mzima unapoteza mtandao bila kujua kwa nini. Ndiyo sababu vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Ukilazimika kweli kuwa na busta, anza kwa kampuni yako ya simu: uliza inakubali kifaa kipi, kwa masafa gani, na nani atakifunga.